Kisutu Kina Rangi Gani Gizani?

Kisutu, khanga ya bibi harusi wa pwani, kina rangi tatu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kitundikwe ukutani usiku usio na mwezi, kamera isimamishwe kwenye stendi, shata iachwe wazi sekunde 30, na mpiga picha akipitishie mwanga wa tochi polepole kama anayepaka chokaa. Kwa tochi ya bei nafuu, wekundu hutoka umefubaa, umekaribia rangi ya udongo. Akirudia kwa tochi bora, unaiva. Sasa wekundu wa kisutu ni upi?

Miaka 1000 hivi iliyopita, mwanafalsafa Ibn Sina alisema kuwa gizani rangi haipo hasa. Upo uwezekano wake tu, na mwanga ndio unaoukamilisha. Jibu hilo huwashangaza wengi, maana nguo ni ileile taa ikizimwa. Mpiga picha wa usiku haoni ajabu.

LED nyeupe kwa kawaida ni chipu ya mwanga wa buluu iliyofunikwa tabaka la kemikali, nalo hugeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano. Jicho likivipokea pamoja huona nyeupe. Lakini katika tochi nyingi nyekundu iliyokolea ni haba, na kitambaa hakiwezi kurudisha mwanga ambao hakikupewa. Hata programu ya kompyuta hukoleza kilichopo tu.

Wanunuzi hukimbilia lumeni, yaani wingi wa mwanga. Cha kuangalia ni kipimo cha usahihi wa rangi kiitwacho CRI, ambacho kilele chake ni 100. Tochi nyingi rahisi huwa karibu na 70. Kwa picha, itafutwe ya 90 na zaidi, hata kama mwanga wake ni mdogo kidogo. Tena iulizwe R9, alama ya nyekundu iliyokolea, kwa sababu wastani wa kawaida hupigwa kwa sampuli nane ambazo nyekundu hiyo haimo. Taa inaweza kupata 80 na R9 yake ikawa karibu na sifuri.

Ila hakimu wa kipimo hiki ni nani? Taa za rangi ya joto hulinganishwa na mng'ao wa kitu kilichochomwa kikawaka. Zile baridi, na mwanga wa mchana. Usiku wenyewe hauulizwi. Hata chini ya mwezi jicho la binadamu karibu halitambui rangi, kwa hiyo picha "sahihi" inaonyesha kisutu ambacho hakuna aliyekiona usiku ule.

Je, ni uongo? Hapana. Aliyekichagua kisutu alikichagua mchana, na atakayekivaa ana uso utakaomulikwa na tochi ileile. Ngozi hubeba wekundu wa damu iliyo chini yake. Tochi mbaya huuficha, na bibi harusi mwenye afya akatoka na uso wa majivu kama mgonjwa. Huko ni kumdhulumu, na albamu itaitunza dhuluma hiyo miaka mingi.

Dukani, basi, tochi isimulikwe ukutani. Imulikwe kiganjani, kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, palipo na damu nyingi.