Kiwango cha Kitabu na Haki ya Mtoto: Suala la Maadili katika Uteuzi wa Fasihi ya Watoto

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya watoto katika Afrika Mashariki umejishughulisha kwa kiasi kikubwa na maudhui: taswira ya mtoto wa kike, nafasi ya mila, mafunzo yanayobebwa na ngano. Swali linalotangulia hayo yote, yaani ni kitabu kipi apewe mtoto yupi, aghalabu huachiwa walimu, wachapishaji na waandaaji wa mitaala, kana kwamba ni swali la ufundi tu. Huulizwa kitabu kina maneno mangapi, sentensi zake zina urefu gani, na kinalingana na darasa la ngapi.

Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni la kimaadili kabla ya kuwa la kiufundi. Anayemteulia mtoto kitabu humwamulia, kabla hajaweza kujitetea, ni sehemu ipi ya lugha na ya ulimwengu itakayofunguliwa mbele yake na ipi itakayofungwa. Hoja kuu ni kwamba kiwango cha usomaji ni sifa ya makutano baina ya mtoto, matini na msaada anaoupata. Kikigeuzwa kuwa sifa ya mtoto mwenyewe, kinamdhulumu. Hata hivyo, kikitupiliwa mbali kabisa, anayedhulumiwa ni mtoto yule yule.

Asili ya vipimo na mipaka yake

Vipimo vya ugumu wa matini vilivyoenea sana vilibuniwa kwa ajili ya lugha ya Kiingereza. Mwaka wa 1948 Rudolf Flesch alichapisha kanuni yake iliyotegemea urefu wa sentensi na idadi ya silabi, na mwaka huo huo Edgar Dale na Jeanne Chall wakachapisha yao iliyotegemea orodha ya maneno yanayofahamika. Mtu wa tatu, Edward Fry, ana uhusiano wa karibu zaidi na eneo hili. Mmarekani huyu alikuwa mwalimu nchini Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1960, na huko ndiko alikoanza kuunda grafu yake, ambayo umbo lake lililokuja kujulikana sana lilichapishwa mwaka wa 1968. Mwalimu huchukua vifungu vitatu vya maneno 100 kila kimoja, huhesabu sentensi na silabi, hutafuta wastani, kisha husoma katika grafu darasa linalofaa. Nia yake ilikuwa njema: kuwasaidia walimu wa wanafunzi waliokuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni wasiwatwishe mzigo wasioweza kuubeba.

Kipimo hicho kikiletwa kwenye Kiswahili, kasoro yake hudhihirika mara moja. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake nafsi, njeo, mtendwa na wakati mwingine kirejeshi. Sentensi "Tuliwasubiri wakachelewa" ina maneno mawili na silabi kumi na moja, nayo inaeleweka na mtoto ambaye hajaanza shule. Grafu ya Fry haifiki hata silabi 200 kwa kila maneno 100. Matini ya kawaida ya Kiswahili, ambamo neno la silabi mbili ni miongoni mwa maneno mafupi, hutoka nje ya grafu yote. Kinyume chake, maneno kama "soni", "ari", "hiba" na "kani" yana silabi mbili tu, lakini yanahitaji umri na tajiriba ili yaeleweke. Kwa mujibu wa hesabu, mtoto angeruhusiwa kusoma kuhusu soni kabla ya kuruhusiwa kusoma kwamba watu walisubiriwa.

Suluhisho si kutafuta kanuni nyingine ya hesabu itakayolingana na mofolojia ya Kiswahili, ingawa kazi hiyo ina manufaa yake. Funzo la ndani zaidi ni kwamba kila kipimo huhesabu kile kinachohesabika, kisha huwashawishi wanaokitumia waamini kwamba kilichohesabika ndicho ugumu wenyewe.

Kutamka na kuelewa

Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika lugha ambayo maandishi yake yanafuata matamshi kwa karibu. Mtoto aliyekwisha kuzijua silabi za Kiswahili anaweza kutamka takriban kila neno lililo mbele yake, liwe analifahamu au halifahamu. Anaweza kuisoma hotuba ya bunge kwa ufasaha bila kuambulia chochote. Katika mpango wa Tusome, ulioanza kutekelezwa katika shule za msingi za umma nchini Kenya mwaka wa 2015, maendeleo yalipimwa, miongoni mwa mambo mengine, kwa idadi ya maneno ambayo mtoto aliyasoma kwa usahihi katika dakika moja: 65 ya Kiingereza au 45 ya Kiswahili yalihesabiwa kuwa dalili ya usomaji fasaha. Tofauti ya tarakimu hizo inaonyesha kwamba waliozipanga walitambua urefu wa maneno ya Kiswahili. Vipimo hivyo vina nafasi yake, kwani mtoto anayekwama katika kila silabi hapati nafasi ya kufikiri. Lakini havikukusudiwa kueleza ni kitabu kipi kitakachomfaa mtoto baada ya dakika hiyo moja kupita.

Mfano wa kitendawili unatosha. "Nyumba yangu haina mlango" ni kauli ya maneno manne ambayo mtoto wa miaka minne anayafahamu yote. Hata hivyo, ili alifikie jibu, yaani yai, sharti aiache nyumba anayoijua, akubali kwamba neno linaweza kusimama mahali pa kitu kingine, na avumilie kutojua kwa muda. Kiwango cha maneno ni cha chini kabisa. Kiwango cha fikra si cha chini. Kwa hakika, fasihi simulizi ya watoto karibu yote imejengwa juu ya tofauti hiyo. Mteuzi anayetazama maneno peke yake atakiweka kitendawili katika rafu moja na orodha ya majina ya wanyama, na hataona alichokipoteza.

Mamlaka ya mteuzi

Ikiwa hesabu haitoshi, basi ni lazima mtu mzima atumie busara yake. Na hapo ndipo swali la mamlaka linapozuka. Plato, katika vitabu vya pili na vya tatu vya Jamhuri, alitaka watunzi wa hadithi wasimamiwe, kwa sababu kijana hawezi kutenganisha maana ya fumbo na maana ya wazi, na linaloingia akilini mapema ni gumu kufutika. Rousseau, katika Émile wa mwaka wa 1762, alikwenda mbali zaidi. Alizikataa ngano za La Fontaine kwa hoja kwamba mtoto hataelewa funzo lililokusudiwa, bali atampenda mbweha mjanja kuliko kunguru aliyedanganywa. Na kitabu cha kwanza alichokubali Émile asome kilikuwa Robinson Crusoe.

Wanafalsafa hawa wawili wanatofautiana katika mengi, lakini wanakubaliana katika dhana moja: kwamba mtoto akiielewa hadithi nusu, amedhurika. Dhana hiyo haina nguvu katika jamii ambazo hadithi zilisimuliwa mbele ya watu wa rika mbalimbali. Ngano iliyotambwa jioni ilisikilizwa na mtoto wa miaka mitano, dada yake wa miaka kumi na miwili na mama yao. Mdogo alicheka sungura alipomhadaa fisi. Mkubwa alitambua dhuluma. Mama alitambua jirani. Hakuna aliyeambiwa kwamba ngano ile haikuwa ya kiwango chake, na mdogo aliirudia mwaka uliofuata akiwa na masikio mapya. Vivyo hivyo, Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mwaka wa 1858, hakuishusha lugha kwa kuwa msikilizaji wake alikuwa kijana. Alimpa kauli zenye vina na mizani ambazo kumbukumbu ingeweza kuzibeba, ili maana izidi kufunguka kadiri umri ulivyosonga.

Yamkini mtetezi wa viwango atajibu kwamba mfano huo haulingani na kitabu, kwani msimulizi alikuwapo kusaidia kwa sauti, kwa ishara na kwa kurudia, ilhali msomaji yuko peke yake na karatasi. Jibu hilo ni la haki na linapaswa kukubaliwa. Emmett Betts, mwaka wa 1946, alipendekeza kwamba mtoto akishindwa kutambua zaidi ya neno moja katika kila kumi, amefikia kiwango cha kukata tamaa. Kumkabidhi mtoto kitabu cha namna hiyo kwa jina la uhuru, kisha kumwacha, si kumheshimu. Ni kumtelekeza. Mtoto atakayelipa gharama ya uhuru huo si yule ambaye nyumbani kwao kuna vitabu na mtu wa kumsomea, bali yule ambaye kitabu cha shule ndicho kitabu pekee alichowahi kukishika. Anayevibeza viwango vyote kwa hoja ya ukombozi anapaswa kwanza kueleza mtoto huyu atasaidiwa na nani.

Umri, kiwango na heshima

Ugumu wa kimaadili hujitokeza wazi zaidi pale ambapo umri na kiwango havilingani. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo nchini Kenya mwaka wa 2003, madarasa ya chini yalipokea pia wanafunzi waliopita umri wa kawaida. Aliyejulikana zaidi ni Kimani Maruge, aliyejiandikisha katika darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka wa 2004 akiwa na umri wa miaka 84, na ambaye iliripotiwa kwamba alitaka aweze kujisomea Biblia. Kwa kipimo chochote, kitabu cha kiwango chake kilikuwa kile kile cha watoto wa miaka sita waliokaa naye. Lakini kitabu alichokijia shuleni kilikuwa kingine kabisa. Haja yake na uwezo wake vilitenganishwa na rafu nyingi, na hakuna mhakiki atakayethubutu kusema kwamba haja hiyo ilikuwa kosa la kiwango.

Maruge alikuwa mzee, na heshima ya mzee hulindwa na jamii. Asiye na mlinzi ni mvulana wa miaka kumi na mitatu anayesoma kama mtoto wa miaka saba. Akipewa hadithi ya paka na mpira, anaelewa vizuri sana ujumbe ambao haukuandikwa humo: kwamba wenzake wanamwona mdogo. Akipewa riwaya ya wenzake, atakwama katika ukurasa wa kwanza. Anachostahili ni kitabu chenye lugha nyepesi na mambo mazito, ambamo kuna kifo, urafiki, njaa, mapenzi ya awali na hofu ya kushindwa, kwa sentensi anazozimudu. Vitabu vya namna hii ni vigumu kuviandika kuliko vingine vyote, na uhaba wake unatokana na imani potofu ya waandishi na wachapishaji kwamba wepesi wa lugha na wepesi wa fikra ni kitu kimoja.

Kiwango kinapogeuka kuwa hukumu

Irene Fountas na Gay Su Pinnell, ambao kitabu chao cha mwaka wa 1996 kilieneza nchini Marekani mtindo wa kupanga vitabu kwa herufi, walilazimika baadaye kusisitiza kwamba herufi hizo ni chombo cha mwalimu na hazikukusudiwa kuwa jina la mtoto. Kwamba onyo hilo lilihitajika ni ushahidi wa jinsi chombo kinavyomponyoka mwenye kukibuni. Mtoto anayeambiwa kwamba yeye ni wa daraja fulani huacha kuuliza kitabu kinahusu nini, na badala yake huuliza kama anaruhusiwa.

Mfano wa kutia moyo unatokana na mradi wa African Storybook, ulioanzishwa nchini Afrika Kusini mwaka wa 2013 na ambao una hadithi nyingi za Kiswahili. Ngazi zake ni tano, kuanzia maneno ya kwanza, sentensi za kwanza na aya za kwanza hadi aya ndefu. Ya tano ni hadithi za kusomewa kwa sauti. Ngazi hii ya mwisho haimpimi mtoto hata kidogo. Inaeleza namna ya kukutana na matini: hadithi hii ni yako, ila kwa sasa unahitaji sauti ya mwingine ili uifikie. Humo ndani mna utambuzi ule ule wa mtambaji wa ngano, ukiwa umeingizwa katika mpangilio wa maktaba.

Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, uteuzi wa kitabu kwa kuzingatia kiwango unaweza kutetewa kimaadili iwapo unatimiza masharti mawili. Kwanza, kiwango kielezwe kama kauli juu ya msaada unaohitajika, wala si juu ya thamani au hatima ya msomaji. Kusema kwamba kitabu ni kigumu kwa mtoto kuwe mwanzo wa wajibu wa mtu mzima, si mwisho wake. Pili, mamlaka ya mteuzi yawe ya muda, yenye lengo la kujiondoa. Mlezi humteulia mtoto leo ili kesho mtoto ajiteulie mwenyewe, hata kama atachagua kile ambacho mlezi asingekichagua.

Masharti haya yana gharama. Yanahitaji mwalimu aliyevisoma vitabu vya watoto mwenyewe, na hali hiyo si ya kawaida hata katika idara za vyuo vikuu zinazowaandaa walimu hao. Fasihi ya watoto ikiendelea kuhesabiwa humo kuwa somo jepesi kwa sababu lugha yake ni nyepesi, basi wahakiki watakuwa wamelifanya kosa lile lile la grafu, na wa kulipa atakuwa mtoto mwenye kitabu kimoja.