Mwache Aseme Uongo Wake

Usiseme hadithi yako imekwama kwa sababu hukusomea uandishi. Imekwama kwa sababu mhusika wako ni mwema kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mtu wa namna hiyo hayupo Katuba, wala Ruashi, wala Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi).

Mwaka 1986 kundi la maigizo la Mufwankolo lilitunga mchezo hapahapa Lubumbashi kutokana na msemo mmoja tu, kwamba madaraka huliwa mazima. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwapo, na kazi ile akaiandikia kitabu. Hapakuwa na maandishi ya kukariri. Waliujadili msemo, wakabishana, wakagawana sehemu, kisha kila mchezaji akayatafuta maneno kinywani mwake, kwa Kiswahili cha mji huu. Mchezaji asiyejua anachokitaka hana la kujibu mwenzake akimgeukia. Mhusika wa kwenye karatasi ni vivyo hivyo, ila karatasi ina huruma mno, inamfichia.

Basi mfichue! Mchukue mzee aliyetoka kampuni ya madini ya Gécamines mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Usiniambie ana huzuni, hilo nalijua. Niambie leo asubuhi anataka nini. Labda anamkataza mwanawe kwenda kuchimba kobalti, na usiku anazihesabu pesa alizoleta mwana huyohuyo. Sasa mkewe amwulize: "Baba Ilunga, unga wa bukari umetoka wapi?" Usimsaidie. Mwache adanganye kwa sauti yake, na sisi tujue anadanganya, na mkewe ajue pia, ila apike.

Tena sikubaliani na wanaodai mhusika lazima apendeke. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa mji huu, alitupatia Requiem katika riwaya yake Tram 83 mwaka 2014. Requiem huyo ni mjanja wa dili, humwamini hata kidogo, na bado unafungua ukurasa mwingine kumfuata.

Jioni hii mwite rafiki, mpe nafasi ya Mama Ilunga, nawe uwe mzee. Akuulize maswali ambayo hukuyaandika. Ukibabaika, chana ukurasa bila kuuonea huruma. Ukijibu neno lililokushtua mwenyewe, keti uandike upesi, kabla umeme haujakatika.