Kupenda Hadisi za Kutisha: Je, Ni Kosa?

Kuna swali linalorudi kila mara tunapozungumza juu ya hadisi na mila zetu hapa Kilwa, kando ya ziwa Mweru. Swali ni hili: mtu anayependa hadisi za kutisha, anayezitafuta, anayengojea sehemu inayofuata kama mfanyakazi anavyongojea mshahara, je, ana kosa? Vijana wanacheka tukiuliza hivyo. Bakubwa hawacheki. Wachungaji hawacheki. Na wale walioona mwezi wa 10 wa mwaka 2004 hawacheki hata kidogo. Kwa hiyo inafaa tulijibu polepole, kwa utaratibu.

Tuanze na mfano wa nchi yetu wenyewe. Mwaka 1990, kule Kinshasa, mchoraji anayejiita Papa Mfumu'Eto wa Kwanza alianza kutoa vitabu vidogo vya picha, vile batu banaitaka bede. Alichora mwenyewe, akaandika mwenyewe kwa Lingala ya barabarani, picha nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya bei ndogo, na vikauzwa sokoni na kando ya njia. Hadisi iliyompa jina ilikuwa ya chatu, ambaye kwa Lingala ni nguma. Bwana mmoja mwenye mali anachukua mwanamke. Wakiwa ndani, bwana anageuka kuwa chatu, anammeza yule mwanamke, kisha anatapika dola. Hadisi haikuisha katika kitabu kimoja. Ilikatwa pale pa hatari, na msomaji akabaki anangojea namba nyingine. Wasomaji wengi walisema: huyu chatu ni Mobutu, anameza nchi na kutapika feza. Ulikuwa mwaka uleule Mobutu alipotangaza, tarehe 24 mwezi wa 4, mwisho wa utawala wa chama kimoja. Mchoraji aliendelea kutoa namba nyingi sana kwa miaka, na mwaka 2015 kazi yake ikaonyeshwa Paris, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo.

Kilwa ni mbali na Kinshasa, na Lingala si lugha ya nyumbani kwetu. Lakini yule chatu hakuwa mgeni. Ndugu yake tunamujua: ni ilomba, nyoka mwenye kichwa cha mtu, anayefugwa kwa siri na kila mara anadai roho ya mtu. Dada yake ni mamba muntu, nusu mwanamke na nusu samaki. Wachoraji wa Lubumbashi walimchora sana katika miaka ya 1970, na watu walitundika picha yake ndani ya salo, juu ya viti, mahali pa kupokelea wageni. Anampa mtu utajiri, lakini anadai mtu wa jamaa. Na wazee wao walikuwa batumbula. Wakati wa wakoloni, jiji likiitwa bado Élisabethville, watu waliogopa kutembea usiku, kwa sababu ilisemwa kwamba batumbula wanakamata watu, wanawafungia, wanawalisha mpaka wananenepa, kisha Wazungu wanawala.

Angalieni vizuri jamaa hii yote. Sura ni mbalimbali, lakini mfupa ni mmoja: mali inayokula mtu. Mfanyakazi wa migodi hakuweza kusimama mbele ya bwana wake na kusema «unakula nguvu yangu, unanenepa.» Alisema: batumbula wanapita usiku. Mtu wa Kinshasa wa mwaka 1990 hakuweza kusema kwa sauti jina la mkubwa. Alinunua kitabu cha chatu, akacheka, akampa jirani. Kwa hiyo jibu la kwanza ni hili: mpenzi wa hadisi ya kutisha hapendi damu. Anapenda kuona kitu alichokijua siku nyingi, kilichokosa sura, kikipewa sura. Woga usio na sura unalala na mtu kitandani. Woga uliochorwa unaweza kufungwa ndani ya kitabu na kuwekwa chini ya godoro.

Lakini kuna mabishano matatu, na yote matatu yana uzito.

Kwanza, bakubwa wanatukumbusha kwamba usiku nyoka haitajwi kwa jina lake. Inasemwa «kamba.» Ukitaja, unaita. Sasa mtu anayesoma habari ya chatu usiku mzima anaita nini? Tunaheshimu neno hilo. Lakini ni bakubwa hawahawa waliotusimulia usiku habari za mazimwi, za mamba wa kutumwa, za watu wanaogeuka simba. Waliwezaje? Waliweza kwa sababu hadisi ilikuwa na lupango lake. Ilikuwa na saa yake, na mchana haikusimuliwa. Ilikuwa na maneno ya kuifungua na ya kuifunga, na wote waliitika. Moto uliwaka katikati, na mtoto mdogo aliegemea goti la nyanya yake. Mila haikukataza kuogopa. Ilikataza kuogopa peke yako, bila mwisho, bila mkubwa pembeni.

Hapa kitabu cha picha kinaleta jambo jipya, na lazima tuseme ukweli. Hadisi ya moto inaisha usiku uleule. Hadisi ya kitabu inaendelea mwaka, miaka mitano, miaka kumi, na mnyama hafi. Mtoto anaweza kuisoma peke yake mchana, nyuma ya nyumba, na hakuna wa kumwambia imeisha, twende tulale. Je, huo si utumwa?

Nadhani si utumwa, kama mpenzi anakaa na wenziwe. Mfano wake ni mpenzi wa Mazembe. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1939, na mtu anaweza kuipenda tangu butoto mpaka uzee. Hapendi mchezo mmoja tu. Anakumbuka nani alifunga, mwaka gani, anabishana, anangojea juma lijalo. Mpenzi wa hadisi ndefu ni vilevile. Kitabu kimoja kinapita mikono mingi, mwenye kujua lugha anawatafsiria wengine, mmoja anasema yule mwanamke atatoka hai tumboni, mwingine anasema haiwezekani. Katika kungojea huko woga unapoa. Unageuka mazungumzo, kisha unageuka kicheko. Kungojea pamoja njo lupango la hadisi ya siku hizi. Asiye na wenziwe wa kubishana nao, huyo njo tumuhurumie, na huyo njo tumuangalie.

Pili, wachungaji wanasema: vitabu hivi vinalisha imani ya ulozi. Neno hili si la kwetu peke yetu. Marekani, mwaka 1954, maseneta walikaa kuchunguza vitabu vya picha vya kutisha, na mganga mmoja wa akili, Fredric Wertham, aliwaambia kwamba vinaharibu watoto. Wenye kuchapisha wakajiwekea sheria kali, hata maneno ya kutisha yakakatazwa kwenye majina ya vitabu, na mfululizo uliopendwa sana wa Tales from the Crypt ukafa mwaka 1955. Mwaka huohuo Uingereza nayo ilitoa sheria ya kukataza vitabu vya namna hiyo kwa watoto. Lakini tukumbuke: miaka ileile, hapa Katanga, nani alikuwa na vitabu hivyo? Na bado batumbula walitembea kila usiku katika vichwa vya watu. Woga hauanzii kwenye karatasi. Ukichoma karatasi, woga unabaki.

Hata hivyo mchungaji ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni nzito. Tangu miaka ya 1990, watoto wengi wa nchi yetu, Kinshasa, Mbuji-Mayi, Lubumbashi na kwingine, walifukuzwa nyumbani kwa kuitwa walozi. Mama amekufa: ni mtoto. Baba amepoteza kazi: ni mtoto. Walipigwa, walinyimwa chakula, walilala sokoni. Sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi na inamuazibu anayefanya hivyo. Sheria hiyo iko. Lakini sheria inakaa Kinshasa na mtoto analala mutaani.

Sasa tuulize: kati ya chatu wa kitabu na mtoto aliyefukuzwa, tofauti iko wapi? Zote mbili zinasema kuna mtu anakula mtu. Tofauti ni jina. Chatu wa kitabu hana nyumba mutaani kwetu. Hakuna atakayekwenda kuvunja mlango wake. Msomaji anamaliza ukurasa, anainua macho, na jirani yake ni jirani tu. Lakini siku mtu anapochukua hadisi na kutia ndani yake jina la mtoto wa fulani, hadisi imekufa, imekuwa mashitaka. Na tuangalie tena: batumbula na chatu walinyoosha kidole juu, kwa wenye nguvu. Mashitaka ya ulozi yananyoosha kidole chini, kwa mtoto, kwa nyanya mwenye macho mekundu ya moshi, kwa mjane. Mpenzi wa kweli wa hadisi angepaswa kuwa wa kwanza kutambua jambo hilo, kwa sababu yeye anajua hadisi ni nini na si nini. Akisikia mutaani habari inayofanana na namba aliyosoma zamani, aseme wazi: «Bandugu, hii ni hadisi, minaijua, mwachilie huyu mtoto.» Kujua kwake kutakuwa na faida hapo.

Tatu, na hili ni gumu kuliko yote. Kuna watu Kilwa wanaosema: sisi tuliona yenyewe, kwa nini mnacheza na kivuli chake? Mwezi wa 10 mwaka 2004, kikundi kidogo cha waasi kiliingia mukini, jeshi likaja kukitoa, na watu zaidi ya 70 wakafa, kama wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walivyoandika. Kilwa ilikuwa bandari ya kuvusha madini ya Dikulushi kwenda ng'ambo ya ziwa, Zambia. Mwaka 2007 korti ya kijeshi ya Lubumbashi haikumpata mtu yeyote na hatia ya mauaji hayo. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu imeona serikali ina hatia, na kwamba inapaswa kuwalipa waliopatwa.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa hiyo mtu aliyepitia siku zile akikataa kusikia hadisi ya damu, asiitwe mwoga. Ana haki. Mpenzi wa hadisi ana wajibu wa kufunga kitabu mbele yake, bila kuombwa mara mbili. Hiyo ni heshima ya kawaida, kama kupunguza sauti ya redio karibu na nyumba ya matanga.

Lakini nisingependa tuishie hapo, kwa sababu wako wengine waliopitia siku zilezile na bado wanataka hadisi za kutisha kuliko zote. Watu wanawashangaa. Mimi sishangai. Katika kitabu, hata kama hadisi ni ndefu, kuna mchoraji aliyetia jina lake juu. Tunajua nani alimfanya chatu ameze. Kuna mpango, kuna ukurasa unaofuata, kuna tumaini la siku chatu atakapopasuliwa tumbo. Katika yale ya 2004, korti haikupata wa kutia jina lake chini. Mtu anayetafuta hadisi yenye mwenyewe, baada ya kuona mambo yasiyo na mwenyewe, hachezi na maumivu. Anatafuta mahali ambapo ubaya unahesabiwa na kuandikwa mpaka mwisho. Kosa lingekuwa kumpa hadisi ili asahau haki. Woga wa kitabu unaweza kutusaidia kukaa na woga wa kweli, lakini haulipi deni lake. Deni la Kilwa linalipwa kwa ukweli na fidia, si kwa vitabu.

Basi, tukirudi kwa swali: kupenda hadisi za kutisha si kosa. Kosa liko katika namna tatu za kupenda vibaya. Kupenda peke yako, ukiwa mdogo, bila mkubwa wa kusema imeisha. Kupenda mpaka unatia jina la jirani ndani yake. Kupenda mbele ya mwenye kidonda bila kumuuliza. Mwenye kujilinda na haya matatu, asome, angojee namba yake, abishane na wenziwe mpaka jogoo awike.

Na sisi wa mashirika ya utamaduni, tunaokusanya methali na ngoma, tukusanye pia hadisi za ilomba na za batumbula kabla wanaozijua hawajatuacha. Tuandike nani alisimulia, mwaka gani, na mutaa gani. Ila nafasi ya mlozi katika hadisi tuiache bila jina, leo na kesho.