Ulichojifunza Kimemfaa Nani?

Wajukuu zangu wa Katoro, pamoja na nyie wa Buseresere ambao kwenye karatasi mko wilaya nyingine lakini sokoni tuko pamoja, mwaka wa masomo umekwisha na ninawapongeza. Tangu Januari mmeamka gizani, mmekula vumbi la malori na bodaboda, mmebanana darasani, na mmefika Novemba mkiwa bado mna daftari mkononi. Kidato cha pili wamefanya upimaji wao, kidato cha nne wamefanya mtihani wa taifa. Wapo waliotoka jasho kwenye michezo ya UMISSETA. Wapo waliopanda miti, wapo waliosafisha zahanati, wapo waliovaa skafu za skauti na kusimama juani kwenye sherehe za serikali bila kulalamika. Wabeja sana.

Sasa nisikilizeni. Nimefundisha maisha yangu yote, na kila Desemba nilikuwa nikiwauliza wanafunzi wangu swali ambalo nawauliza na nyie leo: ulichojifunza mwaka huu, ukiacha wewe mwenyewe, kimemfaa nani? Siulizi umepata divisheni gani. Hiyo itatoka, na kila mtu ataiona. Nauliza nani hapa mtaani kwako maisha yake yamekuwa mepesi kidogo kwa sababu wewe unasoma.

Huku kwetu swali hilo lina historia. Wazee wenu walilima pamba, na pamba ilikuwa inapimwa kwa mzani ambao mkulima hakujua kuusoma. Alibeba magunia yake hadi kituoni, akaambiwa ni kilo kadhaa, akapokea alichopewa. Wakulima wa kanda hii walipoanza kujipanga miaka ya mwanzo ya 1950, wakiongozwa na kijana aliyeitwa Paul Bomani, moja ya kazi zao za kwanza ilikuwa kuweka watu wao vituoni wa kuangalia mizani. Watu waliojua namba. Kutokana na harakati hizo, 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, VFCU, lililokuja kuwa miongoni mwa vyombo vikubwa vya ushirika barani Afrika. Msidhani ushirika ule uliletwa na hotuba. Uliletwa kwa sehemu kubwa na vijana waliokwenda shule, wakarudi, wakasimama kando ya mzani na kumwambia mzee asiyejua kusoma: hapa pameandikwa hivi.

Baadaye, mwaka 1968, serikali pamoja na UNESCO walileta Mwanza mradi wa kisomo cha watu wazima kwa mikoa ya ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi ambayo leo ni Kagera. Geita yetu wakati huo ilikuwa wilaya ya mkoa wa Mwanza. Mkoa huu wa Geita mnaouona ulianzishwa 2012. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tuliokuwa vijana tulipewa ubao na chaki, tukaambiwa twende chini ya mwembe tukafundishe watu waliotuzidi umri mara tatu. Vitabu vilikuwa vya kilimo cha pamba, vya ng'ombe, vya uvuvi, ili mtu ajifunze herufi kupitia kazi anayoijua. Mtu mzima anapojifunza kusoma, furaha yake haifanani na ya mtoto. Nilimwona mzee mmoja akiipapasa kwa kidole karatasi ya mauzo ya pamba aliyoitunza kwenye kisanduku kwa miaka, akiisoma kwa sauti, namba moja baada ya nyingine. Alipomaliza aliikunja akairudisha, akakaa kimya. Sijawahi kupata zawadi ya ualimu kubwa kuliko ile.

Pamba sasa imepungua. Lakini mzani bado upo Katoro, tena mdogo zaidi na wenye hasara kubwa zaidi ukisomwa vibaya. Mama zenu wanaoponda mawe na kuosha marudio kwenye mialo ya kuoshea dhahabu wanaiuza kwa gramu na kwa pointi. Pointi 10 ni gramu 1, kila mtoto wa hapa analijua hilo kabla hajajua Kiingereza. Ila bei ya dunia haisemwi kwa gramu. Inasemwa kwa aunsi, kwa dola, na aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuchukua bei ya leo kwenye simu, akaigawa kwa 31.1, akazidisha kwa thamani ya dola kwa shilingi, akatoa kile kinachopungua kwa sababu dhahabu ya mama yake si safi kwa asilimia mia, akakumbuka mrabaha na tozo za serikali, akapata kiasi ambacho mama asikubali kushuka chini yake sana. Hesabu hiyo haizidi dakika tano. Serikali ilianza kufungua masoko ya madini 2019, la kwanza likiwa hapa kwetu Geita mwezi Machi, na Tume ya Madini hutoa bei elekezi. Lakini mama aliyebeba pointi 3 kwenye kikaratasi, ana njaa na mtoto mgongoni, mara nyingi huuza kwa broka wa kwanza anayekutana naye. Anakosa mtu wa kukaa naye na kupiga hesabu. Mtu huyo ni wewe, na uko naye nyumba moja.

Mwaka huu niliona jambo ambalo lilinifanya niamue kuwaandikia. Mwalimu wa kemia alikwenda mwaloni na wanafunzi wake wachache wa kidato cha tatu, Jumamosi, kwa ruhusa ya wenye eneo. Mnajua kinachofanyika pale: mawe yakishasagwa kwenye karasha na mchanga wake kuoshwa, zebaki inatiwa ili inase dhahabu, kisha ule mchanganyiko unakamuliwa kwenye kitambaa na kuchomwa kwenye moto wa mkaa mpaka zebaki iondoke. Wengine huchomea jikoni, kwenye kikaango kile kile cha kupikia. Wanafunzi hawakwenda kuhubiri. Walikuja na chombo cha chuma chenye kifuniko cha kukaza, na kutoka kwenye kifuniko kinatoka kibomba kilichopinda, mdomo wake ukiingia kwenye bakuli la maji. Wakaomba mama mmoja atoe mzigo wake wa kuchoma. Akasita, kisha akatoa. Wakaufunga ndani, wakawasha moto, wakawataka watu wote wakae mbali, upande ambao upepo unatokea. Baada ya muda vitone vinavyong'aa vikaanza kudondoka majini. Binti mmoja aliyekuwa akieleza akasema zebaki huchemka ikifika nyuzijoto 357, inakuwa mvuke usioonekana na usio na harufu, na mvuke huo ndio unaoingia kwenye mapafu, ukaenda kwenye ubongo na figo, na kwa mama mjamzito ukamfikia mtoto. Mama mwenye mzigo alitazama bakuli muda mrefu. Akauliza, "Kwa hiyo zebaki yangu ninayonunua, siku zote nilikuwa naivuta?" Binti akamjibu, "Ndiyo mama. Wewe na huyo uliyembeba."

Siku ile hapakuwa na mgeni rasmi wala kamera. Lakini nikiambiwa nitaje mafanikio ya shule zetu mwaka huu, nitaanza na bakuli lile la maji, ndipo nifike kwenye idadi ya divisheni wani. Yule binti aliichukua mada aliyofundishwa darasani, akaipeleka mahali ambapo kutoijua kunaumiza watu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini mkataba ukiishia ofisini haumfikii mtu aliyeinamia jiko. Ameufikisha mtoto wa shule ya kata.

Naomba pia niseme jambo ambalo baadhi ya watu wazima hawatalipenda. Si kila jasho la mwanafunzi ni huduma kwa jamii. Kubeba maji ya nyumbani kwa mtu binafsi, kulima shamba ambalo mavuno yake hamyaoni, hayo si kujitolea. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule ziwe na mashamba, ndiyo, lakini alitaka wanafunzi wajue mapato yake na washiriki kuamua yatumike vipi. Mkiambiwa mkafanye kazi, ifanyeni kwa adabu, halafu kwa adabu hiyo hiyo ulizeni inamfaidisha nani. Mtoto anayeuliza vizuri hajamkosea mtu heshima.

Na miti mliyopanda, imwagilieni kwanza kabla ya kupanda mingine. Mwaka huu nimeona miche mingi ikipigwa picha Aprili, na ilipofika Agosti mbuzi walikuwa wameimaliza. Wenzenu wa Shinyanga, ardhi yao iliyokuwa imekauka kabisa, walianza kuirejesha 1986 kupitia mradi wa HASHI, kwa kufufua ngitili za mababu: eneo linafungwa, mifugo inazuiwa, miti inaachwa iote yenyewe. Hawakupanda mingi kama mnavyodhani. Walilinda. Shule ikitenga kona moja ya eneo lake na kuilinda miaka mitano, itakuwa imefanya zaidi ya miche elfu ya siku moja.

Nyie mabinti, nina neno lenu peke yenu. Katoro ni mji wa fedha za haraka, na fedha za haraka huwatafuta. Mwenye fedha hizo atakupandisha bodaboda bure, atakununulia chipsi, kisha simu, na siku ya kulipa haisemi. Jueni kwamba tangu 2016 sheria inampa miaka 30 jela anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa. Jueni pia kwamba kama limeshatokea, maisha yako hayajaisha: tangu mwishoni mwa 2021 serikali imeruhusu mliojifungua mrudi kwenye shule za kawaida. Ukiwa na rafiki aliyekaa nyumbani na mtoto, mfuate. Mpelekee madaftari yako aone mmefika wapi. Mwambie njia ya kurudi ipo, na umsindikize ofisini siku ya kwanza, maana ile siku ya kwanza ndiyo inayowashinda wengi. Ukifanya hilo mwaka huu, hata ukisahau mengine yote, swali langu utakuwa umelijibu.

Na wavulana. Likizo hii ya Desemba nawajua mtakwenda wapi. Ikisikika tu kwamba dhahabu imechimbuka Lwamgasa au Nyarugusu, kundi zima linaondoka na tochi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari, na imeutaja uchimbaji. Siwatishi kwa sheria. Nimezika vijana niliowafundisha, walioangukiwa na kifusi kwenye duara la kuchimbia baada ya mvua. Mvua za Desemba ndizo hizi, na udongo ukilowa haushikani.

Kuna jambo jingine kuhusu dhahabu ambalo mtu wa umri wangu analijua kwa sababu alilishuhudia. Mgodi wa Geita si wa jana. Wakoloni waliuendesha tangu miaka ya 1930, wakati fulani ukiwa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, na 1966 ukafungwa. Watu wakatawanyika. Mgodi huu mnaouona leo ulianza uzalishaji 2000, zaidi ya miaka 30 baadaye. Buzwagi kule Kahama ulifunguliwa 2009, na 2021 ukawa umekwisha. Kwa hiyo kijana anayeniambia, "Babu, shule ya nini, mwenzangu amepata gramu 40 kwa wiki," mimi namuuliza huyo mwenzake atafanya nini mwamba ukikata. Aliyesomea umeme, ufundi wa mitambo, upimaji wa miamba au uhasibu atahama na ujuzi wake. Vyuo vya VETA vipo Geita na Chato, haviko mbali, na mtaala mpya ulioanza 2024 umefungua mkondo wa amali ndani ya sekondari yenyewe. Matokeo yasipokuwa mazuri Januari, usikimbilie shimoni kwa aibu. Njoo tuzungumze. Mlango wangu mnaujua.

Kwa mliobaki shuleni, nataka kila klabu inunue daftari kubwa moja. La kuandika kazi, si mahudhurio. Mkienda mwaloni, andikeni tarehe, mlichoonyesha, na watu waliuliza nini. Mkimsaidia bibi kusoma barua ya mgogoro wa ardhi, andikeni bila kutaja jina lake mlichogundua. Mkikosea hesabu ya bei mkamwambia mama jambo lisilo sahihi, andikeni na hilo. Kila mwaka kidato cha nne wanaondoka na kila walichokijua, na kidato cha kwanza wanaanza sifuri kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu. Tulifanya kosa hilo hilo na kisomo cha zamani: wale wazee tuliowafundisha kusoma, wengi waliacha tena kwa kukosa cha kusoma na mtu wa kuwafuatilia.

Januari watoto wapya wataingia, wamevaa sare kubwa kuliko miili yao, wengine wametoka vijiji ambavyo shule iko mbali sana. Wiki ya kwanza wapeni daftari hilo wasome. Maswali mliyoulizwa mwaloni mkashindwa kuyajibu, yaandikeni kwa wino mwekundu, na wao waanze na hayo kwa mwalimu wa kemia.