Usonji na Usomaji wa Nyuso

Kusoma uso ni kuijua hali ya moyo wa mtu kwa kumtazama tu: nyusi zilizokunjwa, midomo iliyobanwa, macho yanayokwepa. Watu wengi hufanya hivyo bila kufikiri, kama wanavyoielewa lugha waliyokua nayo, na adabu nyingi zimejengwa juu ya uwezo huo. Akufukuzaye hakwambii toka, husema Waswahili, wakitarajia mgeni aone mwenyewe kwamba muda wake umekwisha: mwenyeji anajibu kwa neno moja moja, tabasamu limebaki midomoni halikupanda machoni, kikombe kimeondolewa na chai haikuongezwa. Mtu mwenye usonji (kwa Kiingereza autism) anaweza kuziona dalili zote hizo, moja baada ya nyingine, na bado asijue kwamba anatakiwa aondoke. Swali lililowashughulisha wanafalsafa ni hili: je, amepungukiwa na ufundi tu, au amefungiwa mlango wa kuwajua wenzake na kuwatendea haki?

Jibu la kwanza la sayansi lilikuwa kali. Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto mjini Baltimore, aliandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 wenye usonji ambao aliwaona hawana mguso wa kihisia na watu. Mwaka 1985 huko London, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith waliwachezea watoto mchezo wa wanasesere wawili. Sally anaweka gololi kikapuni, kisha anatoka. Anne anaihamishia kwenye kisanduku. Sally akirudi, ataitafuta wapi? Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walionyesha mahali gololi ilipo kweli, si pale Sally anapodhani ipo. Baadaye Baron-Cohen alitunga jaribio la macho, ambalo toleo lake la mwaka 2001 lina picha 36. Kila picha ni ukanda mwembamba wa uso, nyusi na macho basi, pasipo mdomo, pasipo mwili, pasipo chumba alimo mwenye uso. Pembeni yameandikwa maneno manne ya hali za moyo, na mtazamaji hutakiwa achague moja. Watu wazima wenye usonji walipata, kwa wastani, alama chache kuliko wengine. Matokeo ya namna hii yaliimarisha dai kwamba wenye usonji ni vipofu wa mawazo ya wenzao.

Masimulizi ya wenye usonji wenyewe hayafanani na upofu. Kwa wengi wao uso haukosi habari. Una habari nyingi mno, tena zinakuja kwa mpigo. Jino la mbele lililopinda, ngozi inayocheza chini ya jicho, mkunjo wa paji: kila kimoja kinadai kuangaliwa. Mtu anapomaliza kuviunganisha na kupata jibu kwamba mwenzake amekasirika, uso wenyewe umeshabadilika na mazungumzo yamesonga mbele. Wengine husema kwamba kuangaliana macho kwa macho huwachoma, na kwamba wakilazimishwa kufanya hivyo hawasikii tena kinachosemwa. Inawabidi wachague kati ya kumtazama msemaji na kumsikiliza. Ami Klin na wenzake, walipofuatilia mwaka 2002 mwendo wa macho ya watazamaji wa filamu, waliona kwamba wenye usonji waliitazama zaidi midomo pale ambapo wengine waliyaganda macho. Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama nchini Marekani ambaye ana usonji, ameeleza kwamba huwaelewa watu kwa kupekua kumbukumbu zilizohifadhiwa akilini mwake kama mikanda ya video, akilinganisha tukio la leo na la zamani. Hiyo ni kazi, tena ya kuchosha, na ni dhuluma kuiita kutojali.

Wala si wote wenye usonji wanaopata shida hii. Richard Cook, Geoffrey Bird na wenzao walionyesha mwaka 2013 kwamba kilichoendana na ugumu wa kutambua hisia usoni hakikuwa usonji wenyewe bali aleksithimia, yaani hali ya mtu kushindwa kuzitambua na kuzitaja hisia zake mwenyewe. Aleksithimia huonekana sana miongoni mwa wenye usonji, lakini wako wasio nayo, na wako wasio na usonji walio nayo.

Majaribio mengi ya nyuso yamesimama juu ya dhana kwamba uso mmoja una jibu moja sahihi. Dhana hiyo ilipata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1960, Paul Ekman alipopeleka picha za nyuso kwa Wafore wa Papua New Guinea na kuhitimisha kwamba hisia chache za msingi hutambulika na binadamu wote. Wengine hawakukubali. Carlos Crivelli na wenzake walieleza mwaka 2016 kwamba katika visiwa vya Trobriand, uso wa macho yaliyotolewa na mdomo wazi, ambao watu wa Ulaya huuita uso wa hofu, ulichukuliwa kuwa uso wa mtu anayetisha. Nchini Tanzania, Maria Gendron na wenzake waliwapelekea picha Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Wahadzabe walitenganisha hisia nzuri na mbaya, lakini hawakuzifuata hisia mojamoja kama zilivyotajwa vitabuni. Hakuna aliyewaita vipofu wa mawazo ya wenzao. Ilisemwa kwamba wanaisoma sura ya mtu kwa kanuni nyingine. Heshima hiyo ilichelewa kuwafikia wenye usonji. Hata kipimo cha kuangaliana macho kwa macho kina mipaka yake: katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtoto aliyelelewa vizuri huinamisha macho mbele ya mkubwa, na anayempima lazima ajue hilo kabla ya kuandika lolote.

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aligeuza swali. Kutoelewana, alisema, kunahitaji watu wawili. Ikiwa mwenye usonji hamsomi asiye na usonji, na huyu naye hamsomi yule, kwa nini lawama yote imwangukie mmoja? Ushahidi wa upande wa pili haukuwa mbali. Rebecca Brewer na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba hisia zilizoonyeshwa na nyuso za wenye usonji zilikuwa ngumu zaidi kutambulika. Mwaka uliofuata Noah Sasson na wenzake waliripoti kwamba watu walioona video fupi za wenye usonji waliamua upesi kwamba hawangependa kuzungumza nao. Walipopewa maneno yaleyale kwa maandishi tu, bila sura wala sauti, ubaguzi huo haukuonekana. Jambo hili linastahili kufikiriwa kwa uzito. Maneno hayakuwa na kasoro. Kilichokataliwa ni uso, na waliokataa ni watu wanaohesabiwa kuwa wasomaji wazuri.

Falsafa ilikuwa na mgogoro wa zamani juu ya suala hili. John Stuart Mill, katika karne ya 19, alisema kwamba nafsi ya mwingine hujulikana kwa kulinganisha: mtu anajua yeye mwenyewe akiumia hulia, anamwona mwenzake analia, anahitimisha kwamba naye anaumia. Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichotoka mwaka 1953 baada ya kifo chake, aliona kwamba mambo hayaendi hivyo. Huzuni haifichwi nyuma ya uso ikasubiri kukisiwa, huonekana usoni. Kwa maisha ya wengi Wittgenstein yuko karibu zaidi na ukweli. Lakini kuona huko kunategemea maisha ya pamoja, na pale maisha hayo yanapotofautiana, kila mtu hurudi kwenye hesabu ya Mill. Mwenye usonji hufanya hesabu hiyo kila siku, tena kwa kuanzia na moyo ambao haufanani na wa anayemtazama. Asiye na usonji hufanya hesabu ileile bila kujua kwamba anakisia.

Upande wa maadili ndio mzito zaidi. David Hume aliuweka msingi wa wema katika hisia zinazopita kutoka moyo mmoja hadi mwingine. Kwa mtazamo huo, asiyepokea hisia kutoka usoni angekosa chanzo cha wema. Jeanette Kennett, mwanafalsafa wa Australia, alipinga mwaka 2002: wenye usonji wengi hushika ahadi, huumia wanapogundua wamemkosea mtu, na hutafuta kwa bidii lililo haki, kwa njia ya kufikiri. Tapeli hodari, kwa upande mwingine, huusoma uso wa anayemwibia vizuri kuliko rafiki wa kweli. Adam Smith naye aliandika mwaka 1759 kwamba huruma hutokana zaidi na kuitazama hali iliyompata mtu kuliko kuitazama hisia yenyewe, na njia hiyo iko wazi kwa anayeuliza, "Umepatwa na nini?" Wengi wenye usonji wakishaambiwa kilichotokea huguswa sana, wakati mwingine kuliko walioona machozi na kupita.

Kisa kinachojulikana na Waislamu kinagusa jambo hili kwa karibu. Sura ya 80 ya Kurani, Abasa, imepewa jina kwa neno lenye maana ya kukunja uso. Wafasiri wengi wanaeleza kwamba Mtume alikuwa akizungumza na wakuu wa Makureshi, akaja Abdullah ibn Umm Maktum, kipofu, akitaka kufundishwa, na uso ukakunjwa. Wapo wafasiri, hasa wa Kishia, wanaosema aliyekunja uso alikuwa mtu mwingine. Kwa vyovyote, kipofu hakuuona mkunjo ule, na hakuna aliyemlaumu kwa kutouona. Aya zilimwelekea mwenye uso. Wapokezi wa sira wanasimulia kwamba baadaye Ibn Umm Maktum aliheshimiwa sana, na kwamba Mtume aliposafiri alipata kumwachia uangalizi wa Madina.