Majina Yaliyoandikwa Kanisani

Katika Ezra 2 twasoma habari za makuhani waliotafuta majina yao katika orodha ya nasaba wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani. Basi tazameni habari za jamaa moja ya waungwana wa Uingereza, jamaa ya Washington.

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila mchungaji aandike majina ya waliobatizwa, walioozwa na waliozikwa. Kitabu kikae katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mchungaji, wa pili kwa wazee. Naye aliyezembea alitozwa shilingi 3 na peni 4. Mwaka uliofuata Lawrence Washington, mfanyabiashara wa sufu, alinunua milki ya Sulgrave.

Mwaka 1791 Isaac Heard, mkuu wa waandishi wa nasaba huko London, alitafuta mababu wa George Washington, rais wa Marekani. Aliona katika jamaa ya Sulgrave ndugu wawili, John na Lawrence, akadhani ndio waliohamia Virginia. Majina yalilingana, naye akaridhika. Lakini kulingana kwa majina si ushahidi. Je, katika usharika mmoja hamna akina Yohana wengi? Ndiyo maana jina la baba na la mama haliachwi, walimu. Mwaka 1866 Joseph Chester alionyesha kwamba John yule alikuwa Sir John wa Thrapston, na Lawrence alikuwa mchungaji, hawakuhamia Virginia.

Hata mwaka 1889 Henry Waters akatambua kwamba mchungaji huyo ndiye baba wa waliohama. Katika kitabu cha kanisa la Tring umeandikwa ubatizo wa watoto wake: Lawrence 1635, Elizabeth 1636, William 1641, miongoni mwa watoto wa majirani wasio na nasaba ya kujisifia. Tena mama yao alipokufa, mali yake alikabidhiwa John, mzaliwa wa kwanza.

Waliotafuta fahari walipata na neno lisilopendeza. Baba huyo, kitukuu cha mnunuzi wa Sulgrave, aliondolewa katika usharika wa Purleigh mwaka 1643, wakati wa vita, kwa shtaka la kushinda vilabuni. Wengine walimshuhudia kuwa mtu wa kiasi, nami nadhani vita ilizidisha maneno. Akapewa kanisa dogo lenye mapato haba. Januari 1653 alizikwa Maldon, na jina lake limo katika kitabu cha kanisa la huko.