Jiwe la Juu la Kusagia

Katika Kumbukumbu la Torati 24:6, Mungu anakataza kumshikia mtu rehani jiwe lake la kusagia, hata lile la juu peke yake. Jiwe moja likiondoka, lililobaki halisagi, na nyumba inalala njaa.

Sisi wa delta ya Rufiji tunalielewa neno hili tukitazama taa zetu za sola. Zamani betri ikichoka tulifungua skrubu tukaweka nyingine. Siku hizi taa nyingi zimezibwa kwa gundi. Tunapanda boti hadi Nyamisati, kisha gari hadi Kibiti, na fundi anatuambia: “Paneli nzima, balbu nzima, ila nikiifungua itapasuka.” Tumelipia taa, lakini jiwe la juu limebaki kwa aliyeitengeneza.

Wapo wanaosema gundi inazuia maji. Ni kweli, na chumvi ya huku ni kali. Lakini mpira na skrubu navyo huzuia. Umoja wa Ulaya umeshaweka kanuni kwamba kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vingi vidogo ziweze kubadilishwa na mwenye kifaa. Nasi tunastahili haki hiyo.

Lakini tujihukumu pia. Zilizokufa tunazitupa mikokoni, wanakokulia kamba tunaowala. Hapo sisi ndio tunaomnyang'anya jirani jiwe lake.

Basi tukinunua, tuulize kwanza: je, inafunguka? Na iliyokufa tusiitupe majini. Tumepewa delta hii tuitunze.